Koki ya Mtungi wa Kulia

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la rangi.
Jumatano, tarehe 11, mchana.

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na tumbo lako. Hujambo? Mkeo hajambo? Goti lako la kushoto limeacha kutabiri mvua, au bado linashindana na redio? Mimi mgongo ni uleule, meno yamebaki ya kutosha kutafuna maneno, na macho yanaona mstari mmoja wa daftari kwa wakati. Ukikuta herufi zimepandiana zisamehe, zinaogopa kuanguka.

Habari kubwa ya huku ni kwamba shemeji yako ni shujaa. Usicheke. Nimemwokoa mtu majini, mtu mzima mwenye uzito wa magunia mawili ya unga, nikamvuta kwa mkono mmoja mpaka ukingoni. Picha yangu imebandikwa kwenye ubao wa chuo cha kupiga mbizi, na chini yake wameandika kwa wino mwekundu, "Mwanafunzi wetu wa mfano." Miaka sitini na tisa, darasa la nne, leo mwanafunzi wa mfano!

Nimeyaandika hayo, nimeyasoma, nimeona aibu. Si kweli, shemeji. Picha ipo, na mtu nilimvuta, lakini aliyemtia katika balaa lile ni mimi mwenyewe. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Kaa chini nikueleze. Kama mkeo anasomea begani kwako, mtume akatafute miwani yake, itamchukua saa nzima.

Unajua kwamba tangu tumzike dada yako, mke wangu, yule binti yangu kitinda mimba alikuwa ananisemesha kama mpangaji anavyomsemesha mwenye nyumba: habari, nzuri, kwaheri. Kosa langu unalijua, ulikuwepo. Wachimba kaburi walipochelewa nikasema marehemu hajawahi kufika mahali kwa wakati maisha yake yote, afadhali leo amepata wa kumsingizia. Nilisema vile kwa sababu koo lilikuwa limeziba, nisingesema hivyo ningelia mbele za watu kama ndama. Mtoto hakuliona koo, aliyasikia maneno. Hiyo ni miaka mitatu sasa.

Kazi yake ni kufundisha watu kupiga mbizi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji, kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Basi nikawaza: baba anaweza kukimbiwa, lakini mwanafunzi aliyejiandikisha, mwalimu atake asitake lazima amsemeshe. Hiyo ndiyo akili ya darasa la nne. Nikaenda kujiandikisha. Karani wa ofisini akaniuliza kama nimekuja kumwandikisha mjukuu. Nikamwambia ndiyo, mjukuu wa babu yangu.

Mgongo huu, kama unavyoujua, umeliwa na mashimo ya mabomba miaka arobaini ya idara ya maji. Mtungi wa hewa mgongoni siuwezi. Lakini kumbe kuna namna nyingine. Unapewa mitungi miwili, mmoja kila ubavu, imeshikizwa kwa kulabu chini ya kwapa, na mgongo unabaki mtupu. Unaingia majini mikono mitupu, mitungi unavishwa humohumo, maji yanakusaidia kubeba. Kila mtungi una koki yake, mpira wake na kipumulio chake. Unavuta hewa ya kushoto kidogo, unahamia ya kulia kidogo, ipungue sawasawa, kama mwenye wake wawili anayemwogopa Mungu. Ukipendelea mmoja, unalalia ubavu kama mkokoteni uliopakiwa na mlevi. Huo mfano wa wake wawili nilimpa mwalimu siku ya kwanza. Hakucheka.

"Baba, ndani ya maji mimi si mwanao," akaniambia.

"Na nje ya maji?"

Akaniambia mkanda wangu umelegea, niufunge upya.

Tulikuwa wanafunzi wawili tu, mimi na mwokaji mikate wa mtaa wa pili, bwana mmoja mpana wa miaka hamsini na kitu. Nilimuuliza anatafuta nini majini na unene ule. Akasema amesimama mbele ya tanuri miaka ishirini na sita, anataka kuijua baridi kabla hajafa. Nikampenda hapohapo. Tukawa hatuachani kwa matusi.

"Mzee, umeibeba mitungi au imekubeba wewe?"

"Nyamaza, unga wewe. Usikae sana majini, utaumuka."

Maji yenyewe, shemeji, hayana uzuri wowote. Juu ni ya kijani, chini kidogo ni ya kahawia, na chini zaidi ni kiza na baridi ya kuuma ufizi. Kuna ngazi za mawe walizochonga wachimbaji wa zamani, zinateremka, zinateremka, halafu huzioni tena. Kamba nyeupe imefungwa ukutani, ndiyo unayoifuata. Husikii kitu ila pumzi zako mwenyewe, na mzee kusikia pumzi zake mwenyewe si burudani, unaanza kuzihesabu.

Lakini nilijifunza. Wiki ya tatu nilikuwa nahama kutoka kipumulio kimoja hadi kingine bila kumeza maji. Mwalimu akaniletea uso wake karibu na wangu, kioo kwa kioo, akanionyesha duara la vidole, maana yake umefanya sawasawa. Nilikaa na duara lile wiki nzima. Nilikwenda nalo sokoni, nililala nalo.

Sasa lipo jambo la kitabu. Tulipewa kitabu cha kozi, kinene, na kila somo lina ukurasa wa kutia sahihi kwamba umesoma na umeelewa. Mimi kusoma unanijua, ukurasa mmoja unanimaliza chai mbili. Somo la kuvuja kwa hewa lilikuwa na kurasa tisa. Nikajiambia, mimi nifundishwe kuvuja? Mimi niliyefunga koki za mji mzima? Nikatia sahihi, na kuipamba nikaipamba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mwezi uliopita. Tulikuwa watatu kwenye kamba, mwalimu mbele, mwokaji katikati, mimi nyuma yake. Kina chetu kilikuwa kama urefu wa nguzo ya umeme. Mwalimu akatupa ishara ya kuhama mtungi, tukahama, mimi na mwokaji, sote kulia. Akatuona, akageuka mbele kuangalia kamba.

Hapo ndipo nikaona vipovu. Vidogo, kama sindano, vinatoka pale mpira unapoungana na koki ya mtungi wa kulia wa mwokaji. Shemeji, miaka arobaini. Mke wangu alikuwa akiniambia nikifa nitafunga koki za peponi. Kwenye harusi za watu nimeinuka mezani kwenda kufunga bomba linalodondoka uani. Mkono huu ukiona kitu kinavuja haungoji kichwa. Nikapiga mapezi ya miguuni mara mbili, nikamfikia ubavuni, nikashika koki, nikaikaza kulia mpaka ikagoma. Vipovu vikakoma. Nikampigapiga begani, kama kumwambia, tulia, nimekutengenezea.

Kumbe nimemfunga pumzi.

Alivuta mara moja, akapata. Akavuta mara ya pili, mpira ukawa mtupu. Niliyaona macho yake ndani ya miwani. Kipumulio cha mtungi wa kushoto kilikuwa kinaning'inia chini ya kidevu chake, kwenye mpira, na alikuwa amefanya zoezi la kukishika mara ishirini. Lakini hofu haijasoma. Akatema kilichomo mdomoni, akafunga mdomo kwa nguvu, akapanda juu kama chupa tupu. Na kitu cha kwanza walichotufundisha, hata kabla ya kuvaa, ni kwamba usipande umezuia pumzi, mapafu yatapasuka.

Nilimfuata polepole, nikishusha pumzi kama nilivyofundishwa. Mwanafunzi wa mfano. Nilipofika juu alikuwa chali, midomo ya bluu, povu lenye damu. Nikamkamata ukosi wa fulana nikamvuta nikipiga kelele. Kwa hiyo hilo la kumvuta ni kweli.

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, binti yangu akapiga magoti kwenye mbao za ukingoni, akaanza kukagua vifaa vya mwokaji kimojakimoja. Mkono ukafika kwenye koki ya kulia. Akajaribu kuikaza, haikukazika. Akainua uso.

"Imefungwa," akasema. "Niliijaribu kabla hatujashuka, nikaifunga, nikasahau kumwambia aifungue tena. Alipohamia kulia akakuta mpira una pumzi mbili tu."

Nikasimama pale, maji yananidondoka.

"Baba, ulimwona akiigusa?"

"Sikumwona," nikasema.

Na ni kweli, sikumwona mwokaji akiigusa. Huo ndio ukweli mchafu kuliko uongo wote niliopata kusema, na unajua nimesema mwingi.

Halafu akanikumbatia. Na nguo zangu zimelowa, na harufu ya yale maji, akanikumbatia akalia shingoni kwangu, akasema, "Bila wewe angekufa, Baba." Miaka mitatu sikuguswa na mwanangu. Ningefanya nini, shemeji? Najua ningefanya nini. Sikufanya.

Mwokaji hakufa. Alilala hospitali siku kumi na tisa. Pafu moja limeshonwa, na daktari amesema hatapiga mbizi tena, wala hatasimama tena mbele ya tanuri, joto litamkata pumzi. Nilikwenda kumtazama. Kitandani amepungua, shuka limelala juu yake kama unga uliokataa kuumuka. Hakumbuki kitu baada ya ishara ya kuhama mtungi.

"Mzee," akaniambia, na kila maneno matatu anapumzika, "ningekuwa na binti wa kuozesha ningekuozesha wewe."

"Nani anataka mkwe kama wewe?"

"Basi utakula mikate yangu mpaka ufe."

Hakufanya mzaha. Kila asubuhi mkewe ananiletea mkate mlangoni, wa moto, umefungwa kwa kitambaa. Sasa yeye ndiye anayesimama mbele ya tanuri, peke yake, mikono imejaa alama za kuungua. Ananiita mwokozi wao. Ule mkate siwezi kuumeza. Nikiumega nasikia ile pumzi yake ya pili iliyokosa kitu. Nawapa wa duka la rangi, wao wanasema mzee siku hizi ameokoka.

Binti yangu ameandika barua kwa kamati ya mafunzo, kurasa mbili, amekiri uzembe ambao si wake. Kamati inakaa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wakimkuta na hatia atanyang'anywa cheti cha kufundisha, na chuo hiki hakiajiri mtu asiye na cheti, wala kingine chochote. Ameshapanga vitu vyake kwenye boksi la sabuni. Hali chakula. Usiku ananitumia ujumbe kuniuliza kama mwokaji alikohoa nilipokwenda kumwona, na kama alikohoa, mara ngapi.

Nimejaribu kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta jikoni kwake, anaosha masufuria ambayo hayajapikiwa. Nikasema, "Mwanangu, ile koki..."

"Usinitetee, Baba. Siku ile mtu mmoja tu alifanya kitu sahihi, na ni wewe."

Nikachukua kitambaa, nikamfutia masufuria. Mara ya pili nilikuwa na sentensi nzima kichwani. Nilipofika mlangoni akanipokea kwa kunishika mkono, huu wa kulia, akasema umekuwa na baridi siku hizi. Nikamwambia ni uzee. Tukazungumza habari za uzee.

Baada ya hapo nimekisoma kitabu. Kurasa zote tisa, siku nne, kwa kidole. Kimesema wazi kabisa: vipovu vidogo kwenye maungio havina haraka. Mwonyeshe mwenzako kwa taa, ngoja ahamie mtungi wa pili, kisha mwenyewe atafunga koki yake. Na mstari wa mwisho wameuandika kwa herufi nzito: usiguse koki ya mtu mwingine bila ishara yake. Chini yake ipo sahihi yangu, imepambwa.

Najua utaniuliza nangoja nini. Naogopa kamati? Kamati ni watu watatu na jagi la maji, siwaogopi. Jela pia siiogopi sana, nasikia kuna magodoro siku hizi. Ninachoogopa ni uso wake nitakapomaliza kusema. Atarudi kuniambia habari, nzuri, kwaheri, na safari hii sitakuwa na mama yake wa kumsingizia, wala koo lililoziba. Na bado si hilo tu. Mwokaji naye atajua, na mkewe, na mikate itakoma kuja. Ajabu, mikate nisiyoweza kuila, nayo naiogopea.

Lakini siku zinakwisha, na cheti cha mtoto si kitu cha kulipia kukumbatiwa. Nimejaribu kuandika maelezo ya kamati mara sita. Kila mara kalamu inakwenda kwenye mzaha. La jana lilianza vizuri, mstari wa tatu nikajikuta nawaeleza habari za mke wa fundi bomba mwenzangu. Nimelichana. Kwa hiyo sitaandika. Jumatatu nitakwenda mwenyewe nikaseme kwa mdomo, nimuombe mwalimu abaki chumbani asikie kwangu, asiambiwe na karani. Toka pale nitapita kwa mwokaji kabla tetesi hazijanitangulia.

Basi nisalimie mkeo, mwambie subira yake kwako itamfikisha pahali pema. Nisalimie mapacha, waambie babu yao hajazama bado. Msalimie mama mkubwa, na kama anauliza kama nimeoa, mwambie wachumba ni wengi ila wote wana akili timamu. Na yule binamu fundi saa, mkumbushe bado nina bisibisi yake, na sitairudisha. Mwenyezi Mungu awape afya, awazidishie usingizi mnono, na awakinge na jambo mnaloweza kulificha.

Sasa lipo deni ninalokudai, wala si la pesa. Unakumbuka saa ya ukutani ya baba yenu? Uliiangusha wewe, na ule mpira wako wa matambara, wiki ile nilipokuja kuposa. Nikasema ni mimi. Baba mkwe aliniita mvunja saa mpaka siku anaingia kaburini, na wewe ulikuwa unaitika naye. Sijawahi kukudai. Leo nakudai, nalo si kubwa. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nipigie simu. Niulize kitu kimoja tu, kama nimeshavaa viatu. Kama bado, subiri hapohapo kwenye simu mpaka univalishe kwa maneno, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mlango. Najijua, nitaanza kukutania, nitakuuliza habari za goti lako, nitakutafutia kichekesho kizuri. Nakuomba, shemeji, usicheke.

Wako akupendaye, japo hajawahi kulisema hili mbele ya mashahidi,

Shemeji yako, mume wa dada yako.